Mvinyo wa Mzee wa Maji na Ulimi wa Bibi

Rafiki yangu, mwalimu wetu wa darasa la sita alitukataza kuandika tukiwa na hasira. Alisema mkono unakandamiza kalamu, karatasi inatoboka. Nimesubiri siku nne tangu nirudi kutoka Tumati, kijiji nilikokulia, na karatasi bado inatoboka, basi acha niandike hivyohivyo. Pale nitakapomwonea mtu utanisamehe. Nimeishia darasa la saba, na kupima maneno si kazi niliyofundishwa.

Nilikwenda huko Jumamosi, kwenye sherehe ya kumuaga binti wa mdogo wangu anayeolewa. Walikodi ile nyumba ya mawe iliyo juu ya shule, ambayo siku hizi ni nyumba ya wageni. Sikuwa nimeingia humo tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Nilipofika sebuleni nikaona ukutani fremu ya mninga yenye kioo, na ndani yake ukurasa wa daftari la hesabu, lile la vyumba-vyumba. Mwandiko niliujua kabla sijasoma. Juu yake wamechapa: "Mzee wa Maji alivyouonja mvinyo wake, mwaka kwa mwaka." Na mstari wa kwanza wa ule mwandiko unasema: "Mwaka wa kwanza. Una hasira ya kufungiwa."

Nikakaa chini. Hayo si maneno ya Mzee wa Maji. Ni ya bibi yangu mzaa mama, na kwa sababu ya maneno hayohayo alifukuzwa katika nyumba hiyohiyo, akaitwa mwizi.

Ngoja nianzie nyuma kidogo.

Mzee wa Maji alikuwa Mwitaliano. Alikuja kutandika mabomba kutoka chemchemi za msituni, mabomba yakaisha, yeye akabaki. Bibi alikuwa mpishi wake, na mimi nililelewa na bibi, kwa hiyo utoto wangu wote unanukia jiko lile: moshi wa kuni mbichi, maharage yanayochemka tangu alfajiri, kitunguu swaumu kinachomenywa mpaka vidole vinawasha. Asubuhi ukungu uliingia mlangoni bila hodi, kama mtu wa nyumbani. Kazi yangu ilikuwa kuchambua maharage na kufukuza kuku. Mchana tulikula makande na maziwa ya mgando, Mzee mezani kwake, sisi kwenye vigoda vyetu, mlango wa katikati ukiwa wazi ili aweze kututania.

Nyuma ya jiko alichimba shimo, akalijengea mawe, akalifunika kwa mlango wa mbao. Humo alilaza chupa za mvinyo mwekundu wa kwao, zote za mavuno ya mwaka mmoja. Alizilaza, hakuzisimamisha. Alimweleza bibi kwamba kizibo lazima kilowe, maana kikikauka kinapitisha hewa na mvinyo unakufa. Kila mwaka, Jumapili ya kwanza baada ya kuvuna maharage, alifungua chupa moja tu, tukishakula chakula cha mchana.

Lakini Mzee alikuwa hanusi. Zamani alianguka kutoka juu ya tangi la maji, akaumia kichwa, na tangu siku ile pua yake ilikufa. Ulimi ukabaki wa kujua chumvi na sukari tu. Kijiji kizima kilijua. Alitafuna kitunguu swaumu kama karanga. Siku moja alikunywa maziwa yaliyoharibika akamshukuru bibi kwa adabu, na bibi akakimbilia nje kwenda kucheka.

Basi alimwomba bibi awe ulimi wake. Bibi alikataa kwanza. Alikuwa mama wa kanisani, ameapa kuacha pombe, hata ile ya mtama ambayo alijua kuipika kuliko mtu yeyote pale. Wakapatana hivi: kijiko kimoja cha chai, azungushe mdomoni, ateme kwenye majivu. Nilimwona akitema kila mwaka. Kama kuna tone lililopita kooni siwezi kuapa, lakini alitema. Mimi nilishika mshumaa nyuma ya chupa, mchana kweupe, ili Mzee ayaone machicha yaliyotuama chini yakikaribia shingo, aache kumimina.

"Mama, sema," Mzee alimwambia, kalamu mkononi.

"Una hasira."

"Hasira ya nini?"

"Ya kufungiwa. Unabana fizi kama ndizi mbichi."

Akaandika, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mwaka wa pili hasira ilikuwa palepale. Mwaka wa tatu bibi alizungusha, akatema. "Usikasirike, Mzee," akasema. "Unanuka lami ile unayozibia mabomba. Halafu nyuma ya lami kuna waridi." Mzee alicheka mpaka akakalia ndoo. Alituambia kwao wapo watu wanaovaa tai na kusomea miaka mingi ili waseme hivyohivyo, lami na waridi. Bibi akamjibu, "Waambie waje. Wakimaliza kunusa, vitunguu vya kumenya vipo."

Mwaka wa nne waridi lilikuwa limenyauka, zikaja zambarau zilizoanikwa juani, na pembeni ya glasi ile rangi ya damu ilianza kuwa ya tofali. Mwaka wa tano bibi alisema unanukia kibuyu kilichofukizwa moshi, asubuhi, kabla hakijatiwa maziwa. Mwaka wa sita, tumbaku ya babu iliyokaa ndani ya mfuko wa ngozi, na udongo mvua ya kwanza inapoanguka. "Haubani tena," alisema. "Umekubali." Tulipokuwa tunaosha vyombo akaniambia kitu kinachomshangaza: pombe yetu ina siku tatu za uhai, ya nne ni siki, lakini huu kila mwaka unaacha kitu kimoja na kuokota kingine. Sijawahi kuuonja. Nilichonacho ni hayo aliyoyasema tu.

Kisha Mzee aliugua, wakamrudisha kwao. Nyumba ikabaki mikononi mwa Meneja wa maji. Huyu alikuwa mtu wa kwetu, na lazima niseme haki yake: ukame ulipokuja alipanda msituni mwenyewe na jembe kuzibua chanzo, na watoto wa Tumati tulikunywa maji safi kwa sababu yake. Nimeandika hilo. Sasa niandike lingine.

Mwaka uliofuata walikuja wageni kutoka nchi ya Mzee kuukagua mradi. Meneja akawafungulia chupa moja ya shimoni. Aliimimina haraka, bila mshumaa, kama soda. Mgeni mmoja mwenye ndevu nyeupe, aliyejua Kiswahili cha kuungaunga, akanusa, akauliza mezani nani anaujua mvinyo huu. Mimi nilikuwa nimesimama na bibi tukiwa na sahani. Hakuna aliyeniuliza mimi. Nikasema kwa sauti, "Bibi anaujua! Mwaka jana ulikuwa na tumbaku!"

Mgeni akacheka, akasogeza glasi. Bibi akamtazama Meneja.

"Onja, mama," Meneja akasema huku anatabasamu. "Usituaibishe."

Hakuonja, alinusa tu. "Lami imekwisha," akasema. "Tumbaku ipo. Sasa imeingia ngozi, ya kiti cha zamani kilichokaliwa na watu wengi. Ila umemiminwa vibaya, machicha yamepanda."

Wageni walipiga makofi. Nami nilipiga.

Gari lao lilipoondoka Meneja alikuja jikoni. Nakumbuka alisimama mlangoni, hakuingia.

"Mama, ladha ya kila mwaka umeijuaje kama hukuwa unakunywa?"

"Mzee alinipa nimwonjee."

"Mzee yuko wapi nimuulize?"

"Mwandikie."

"Chupa zimepungua shimoni, wewe mvinyo unaujua kama mboga za bustani yako, halafu mimi nimsumbue mgonjwa kwa barua? Nenda ukapumzike nyumbani, mama. Usirudi."

Bila shaka chupa zilipungua. Kila mwaka ilifunguliwa moja. Bibi alifungua kanga yake ya kiunoni, akaikunja, tukaondoka kwa njia ya shambani. Mwalimu alituandikia barua kwenda kwa Mzee. Jibu halikuja. Huenda barua haikufika, huenda alikuwa ameshafariki. Simlaumu kwa nisilolijua.

Unajua hasira yangu inakaa wapi? Kabla ya siku ile hapakuwa na harusi Tumati bila bibi kwenye sufuria kubwa. Watu walipanga tarehe kwa kumuuliza yeye kwanza. Baada ya siku ile hakuna aliyemwita tena. Jirani yetu alisema makusudi, kwa sauti ya kuvuka uzio, "Mkimwita yule, ndoo za pombe zifungieni chumbani." Jumamosi za harusi bibi alikaa mlangoni kwetu akinusa moshi unaotoka kwa watu. "Wali wao unashika chini," aliniambia. "Sasa hivi watashtuka." Na kweli, muda kidogo ungesikia kelele za akina mama huko. Aliishi miaka mingi hivyo, akipika kwa pua kutoka mlangoni. Hakunilaumu hata siku moja kwa mdomo wangu. Ingekuwa nafuu angenichapa.

Basi Jumamosi hii nikiwa nimekaa chini ya ile fremu, msimamizi wa nyumba akaja, binti mwenye adabu.

"Shikamoo mama. Unayapenda hayo maneno? Wageni wanayapiga picha sana. Mzee alikuwa kama mshairi."

"Marahaba. Ni maneno ya bibi yangu."

Akanitazama kwa huruma. "Yalikutwa kwenye daftari la Mzee, mama. Una kitu cha kuonyesha?"

Sikuwa nacho. Tena nikaanza kujitilia shaka, kama kawaida yangu. Mtoto wa miaka kumi na miwili anakumbuka nini? Dirishani wameweka chupa ya mwisho ya lile shimo, imesimamishwa juani kama pambo. Nikailaza. Binti akaisimamisha tena, taratibu, ili lebo ionekane.

Hapo ndipo nilipomwona Meneja. Ndiye aliyekuwa mgeni rasmi, maana Tumati bado inamheshimu kwa yale maji. Sasa ni mzee wa fimbo, na nyama kwenye sahani yake imekatwakatwa na wajukuu. Nikaenda, nikainama kama inavyotakiwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe wa nani?"

"Mzee, samahani. Hivi yule Mwitaliano alikuwa ananusa?"

Akacheka, mabega yote yakatikisika. "Yule? Hata mzoga ungemwekea chini ya kitanda angelala! Tulimtania sana. Tulimpa chai ya chumvi, akasema asante. Ulimi ule ulikuwa wa..."

Nilikuwa nimegeuza uso kuelekea ukutani. Macho yake yakafuata yangu mpaka kwenye fremu, yakakaa pale. Alijua kusoma. Nadhani alisoma mpaka kibuyu.

"Wewe ni yule mtoto wa tumbaku," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Mambo ya zamani haya, mwanangu."

"Ulikuwa unajua kwamba hanusi. Hata siku ile ulijua."

"Sikuunganisha," akasema. Alirudia tena, polepole, "Sikuunganisha." Na mimi, kwa bahati mbaya, namwamini. Mtu anaweza kujua vitu viwili maisha yake yote asiviweke pamoja, hasa kama kuviweka pamoja kutamgharimu. Lakini kumwamini hakujanipunguzia chochote.

"Ulimfukuza jikoni," nikamwambia, "ila jina la mwizi lilienea kijiji kizima. Maiki watakupa sasa hivi. Waambie."

Wakampa maiki atoe nasaha kwa binti. Alisimama kwa shida. Akasema ndoa ni uvumilivu, wakapiga vigelegele. Akasema chakula ni kitamu. Kisha akasema, "Chakula cha leo kimenikumbusha mama mmoja aliyepika katika nyumba hii. Alikuwa na ulimi ambao sijauona tena. Yale yaliyoandikwa ukutani pale ni yake." Watu wakapiga makofi, wengi hawakujua wanampigia nani. Akakaa.

Nimeipima hotuba hiyo siku nne. Alisema bibi alikuwa na ulimi. Hakusema kwamba hakuiba. Jirani yetu wa uzio alikuwa amekaa meza ya tatu, amezeeka, anakula, na kutoka pale amekwenda nyumbani akiwa bado ana mwizi wake. Najua kwa mzee wa umri ule kusema hata nusu mbele za watu ni mlima. Nimeandika hilo pia. Lakini bibi alibebeshwa jambo zima, si nusu.

Lile shimo nilikwenda kuliangalia. Wamelifukia, magari yanaegeshwa juu yake. Jiko limehamishwa. Hakuna tena mtu Tumati anayeweza kukaa mlangoni akajua wali wa jirani unashika chini.

Nilipokuwa naaga, binti msimamizi alinifuata na kalamu. "Mama, niandike nani?" Nikamtajia jina la bibi lote, lake na la baba yake. Akaliandika kwenye kipande cha karatasi, akakibandika ukutani chini ya fremu. Nilimshukuru, maana yeye hakuwa na kosa lolote.

Ila nilipogeuka mlangoni niliona vizuri kilichofanyika. Mwandiko wa Mzee umewekewa kioo na mbao ya mninga. Jina la bibi limeshikwa na selotepu, kitu kinachobanduka kwa unyevu, na asubuhi za Tumati ukungu bado unaingia ndani bila hodi.