Tonge la Mlenda

Mimi si mtu wa kutulia. Hata sasa, mzee mzima, nikikaa penye chakula miguu inacheza yenyewe na macho yanatembea kwenye sahani za watu. Wajukuu wananicheka: "Bibi, kula chako!" Nakula, lakini nawatazama. Tabia hii niliipata shuleni, na nitasema niliipataje.

Shule yetu ilikuwa ya misheni, nje kidogo ya Ifakara, enzi za Wajerumani. Sisi wasichana tulilala hapo hapo, chini ya mtawa mmoja wa Kizungu tuliyemwita Mama, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kufukuza ndege mpungani. Mama aliamini mambo mawili, Mungu na mboga za majani. Kila asubuhi alitupanga mstari, akatuvuta kope za chini kutazama kama tuna damu ya kutosha, akatuamuru tutoe ulimi. Ubaoni alichora tumbo la mtu na njia zake zote, akatufundisha kipi kinajenga mifupa na kipi kinaongeza damu. Tulimsikiliza kwa adabu, tukaitikia, halafu tukaenda kula tulivyotaka wenyewe.

Maana kila msichana alikuja na miiko ya kwao. Mayai hakuna aliyeyagusa, kwa sababu bibi zetu walituonya kwamba msichana mla mayai atapata taabu siku ya kujifungua. Huyu ukoo wake hauli ngiri, yule hali samaki asiye na magamba. Na tulikuwa katika umri ule wa kujitazama ndani ya ndoo ya maji kila tunapopita. Kulikuwa na kundi lililokataa ugali wa mtama, eti unafanya midomo iwe myeusi. Wao walitaka wali tu, tena wa mchele uliotwangwa ukatwangwa mpaka ukawa mweupe kama meno. Mama aligombana nasi, akabembeleza, akachoka. Mwishowe alijua kwamba sahani ikirudi na kitu, ni mwiko wa mtu, akanyamaza.

Dada yangu peke yake ndiye aliyekuwa furaha ya Mama. Alikuwa dada yangu wa tumbo moja, mkubwa wangu, na alikula kila kitu. Hata mayai alikula, mbele yetu, akilamba vidole na kutucheka. "Nitazaa kama sungura," alisema, "ninyi bakini na bibi zenu." Mama alikuwa akimsimamisha mbele ya darasa na kutuonyesha kope zake nyekundu. Nilimwonea fahari na wivu kwa pamoja.

Alikuwa na mchumba, mvuvi wa ng'ambo ya mto, kijana mpole aliyekuwa akileta samaki wakavu jikoni kwetu. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekubaliana, na harusi ingefungwa kanisani baada ya mavuno. Basi kiangazi kile zikaingia habari za dawa. Watu walinong'ona kwamba kuna maji, ukiyanywa risasi ya Mjerumani haikuingii. Wanaume walianza kupotea mashambani. Mchumba wa dada akaja na samaki wake kama kawaida, wakasimama wawili nyuma ya ghala kwa muda, akaondoka bila kumsalimu mpishi.

Siku iliyofuata tulipewa ugali na mlenda, mboga yetu ya utelezi, ule wa kiangazi wa majani makavu yaliyosagwa, na magadi kidogo. Dada yangu akala ugali mtupu.

Niliona mara moja. Nilimfuata kisimani, nikamshika mkono.

"Dada, mbona hukula mboga?"

"Sikujisikia."

"Wewe? Wewe unayekula mayai?"

Akaangalia huku na huku, kisha akaniambia. Mchumba wake alikuwa amekunywa maji ya dawa, na dada naye akamnywesha kutoka kibuyu hicho hicho. Anayekunywa ana mwiko wake: asile mlenda mpaka vita viishe. Na waliokunywa kibuyu kimoja wamefungwa pamoja. Mmoja akila, dawa inamtoka na mwenzake pia.

"Lakini risasi si inatakiwa ikuteleze?" nikamwambia. "Kama ni hivyo ungekula mlenda kutwa nzima."

Hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa. Dada yangu aliyekuwa akiwacheka bibi zetu wote na mayai yao, sasa alikuwa na mwiko, na aliushika kwa mikono miwili kwa sababu ndani yake kulikuwa na uhai wa mtu anayempenda.

Mama aliona sahani yake ikirudi, akasikitika kweli. "Hata wewe?" alimwuliza, akamvuta kope, akatikisa kichwa. Kwake yeye ilikuwa habari ya damu tu. Mpishi akasema, "Mama, mwache, huyu ni bibi harusi, anataka kiuno chembamba," na wasichana wote wakacheka. Mimi nikacheka kwa sauti kuliko wote.

Kisha ikaja habari iliyoniondolea usingizi. Askari walikuwa wamekamata watu, na mmoja wao alipochapwa aliutaja mwiko. Tangu hapo askari walipita vijijini na kuwataka watu wale mlenda mbele yao. Mwanamke mmoja wa karibu na kivuko alikataa, akisema ana kichefuchefu. Walimfunga kamba pamoja na wanaume, wakampeleka bomani, na hakuna aliyemwona tena. Nikamwambia dada yangu habari hiyo. Nikamwomba. Nikamwapia kwamba nitamtengenezea mlenda mwepesi, atamung'unya na kutema, nani atajua?

"Dawa itajua," akasema.

Kuanzia hapo sikukaa. Darasani nilitazama dirishani. Kanisani nilisikiliza hatua za viatu barabarani badala ya misa. Kila harufu ya mboga kutoka jikoni ilinitoa jasho. Nilimwendea mpishi nikamsihi apike maharage, akaniuliza tangu lini mtoto wa shule anampangia, na maharage nitayatoa wapi. Nilimchukia dada yangu kwa ukaidi wake, na papo hapo nikataka kumficha chini ya nguo yangu.

Wakaja mchana, tukiwa tunakula. Ombasha mmoja, koplo kijana mwenye sauti ya upole, na askari watatu nyuma yake. Alimsalimu Mama kwa heshima, akasema wametumwa kuhakikisha afya ya watoto wa shule, na kwamba wangependa kutuona tukila mboga. Jamani, Mama alivyofurahi! Akapiga makofi. "Mnaona?" akatuambia. "Hata serikali inajua faida ya majani!" Akaenda jikoni mwenyewe kuleta chungu.

Sisi sote tulijua. Hakuna msichana aliyeinua kichwa. Ombasha alipita taratibu nyuma yetu, na kila alipofika nyuma ya mmoja, huyo alichovya tonge, akala, ute wa mlenda ukimning'inia kidevuni. Hata wale wa wali mweupe walikula ugali wa mtama siku hiyo bila neno.

Dada yangu alikuwa ameketi karibu nami. Mkono wake ulikuwa kwenye ugali, umesimama. Nilimtazama usoni nikaona kwamba hatakula. Alikuwa ameshaamua, na alikuwa ametulia, na utulivu wake huo ndio ulionitia wazimu.

Nikamega tonge. Nikalichovya mpaka likajaa. Nikasema kwa sauti ya deko, kama tunavyofanya kwetu bibi harusi anapolishwa na ndugu zake, "Fungua mdomo, bibi harusi, nikulishe." Wasichana wakaelewa, wakaanza kupiga vigelegele, vya hofu tupu. Ombasha akasimama, akatabasamu. Dada yangu akanitazama. Angeweza kugeuza uso. Lakini kwetu tonge la ndugu mbele ya watu halikataliwi, na kinywa chake kikafunguka kabla hajakikataza. Nikalisukuma ndani kwa vidole vyangu na sikuvitoa mpaka nilipoona koo limepanda na kushuka.

Ombasha akapita.

Baada ya majuma machache watu walishambulia boma la Mahenge, na bunduki kubwa za Wajerumani zikawafyeka kama mpunga. Mchumba wa dada alikuwa miongoni mwao. Wengi mno walikuwa miongoni mwao, wala hakuna kati yao aliyekuwa amekula mlenda. Nilimwambia hivyo dada yangu, nikarudia, nikapiga kelele. Alinisikiliza kwa adabu, vile vile kama tulivyokuwa tukimsikiliza Mama na tumbo lake la chaki.

Hakunitukana hata siku moja. Njaa iliyofuata vita tuliivuka pamoja, tukichimba mizizi. Baadaye aliolewa na mtu mwingine, akazaa wengi. Tulitembeleana, tulilia pamoja kwenye misiba, na mtoto wake wa kwanza wa kike alimpa jina langu. Na mimi nasema wazi, ombasha yule akirudi leo, nitamega tonge lile lile.

Lakini kila nilipompikia dada yangu, alipokea sahani kwa mikono miwili, akasema asante mdogo wangu, akaiweka mbele ya wanawe. Nilipika wali, kuku, ndizi, nilipika mayai. Nilikaa pembeni nikimtazama, miguu ikicheza. Alizeeka, akafa, na tangu siku ile ya tonge hakula kitu kilichopita mkononi mwangu.