Mlango wa Nyuma

Tangu Jumamosi sikai nikatulia, acha tu niseme. Nilimbeba mama mkwe kwenda kanisani Uriri na gari langu kuukuu. Wiki hiyo nilikuwa nimejifanya fundi, nikaweka kitasa cha mtumba kwenye mlango wa nyuma. Tulipofika, mlango ukakataa kufunguka. Nikavuta, nikasukuma, nikapiga teke, wapi! Waumini wakaanza kumtoa mama kwa dirisha. Mimi nikageuza uso, maana kwetu mwanamume hamgusi mama mkwe, na watu wakasifu adabu yangu.

Mama akatua chini na kiatu kimoja, akauliza, "Nani alitengeneza huu mlango?"

Mke wangu, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele, akajibu, "Ni huyo mwenye adabu."