Anayekokota Baiskeli Mteremkoni

Kiongozi wetu wa safari za baiskeli hupanda kilima kama anayeitwa juu. Mgongo ameulaza, vidole vinapigapiga usukani, na wageni wanaohema nyuma yake huwaambia, "Taratibu jamani, kilima hakikimbii." Mimi huwafuata na gari la mizigo, ndiyo maana naona wasichokiona: kileleni huwatanguliza wote, kisha huteremka na kuikokota baiskeli hadi bondeni, mtoni. Sababu hazimwishi. Mara breki, mara kiatu, mara anataka kutazama ndege. Juzi mgeni mmoja, bibi wa miaka sitini na kitu, alikwama kileleni, machozi yakimlengalenga.

"Naogopa kushuka, mwanangu."

Kiongozi alimtazama. "Hata mimi, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Mwaka wa kumi na moja huu."

Wakakokota pamoja, wamebana breki za baiskeli zisizopandwa na mtu. Mtoni, wenzao walimpigia kiongozi makofi kwa moyo wake wa kumsindikiza mama wa watu. Aliinamisha kichwa, akazipokea sifa zote. Bibi alikunywa maji, hakusema neno.