Aliimba kuachwa kabla sijamwacha

Dada wa ukurasa, ukiirusha hii usiweke jina langu wala kijiji, sema tu ni msichana wa Nachingwea. Nina miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha sita mwaka jana na sasa niko nyumbani. Mimi si mwongeaji. Hata haya nimeyaandika na kuyafuta mara tatu.

Mwaka jana alikuja kwetu kijana kutoka Malolo, Ruangwa, kupulizia dawa mikorosho. Nimwite Saidi. Asubuhi alibeba mashine mgongoni, jioni alipiga gitaa lake kavu lililonuka salfa kama yeye mwenyewe. Tulipendana kwa maongezi tu, hakuna zaidi. Mwezi wa nane akaniambia anataka kurekodi nyimbo zake kwa simu ila hana pahali palipotulia. Baba yangu ndiye anayetunza ghala la korosho, na wakati ule lilikuwa tupu, msimu haujaanza. Nikachukua ufunguo siku mbili, baba akiwa shambani. Saidi akajifungia ndani, mimi nikakaa barabarani kuangalia baba asitokee. Maneno sikuyasikia, nilisikia sauti tu ikivuma.

Mwezi wa tisa alirudi kwao na simu zangu akaacha kupokea. Inaita hadi inakata. Nilivumilia hivyo mpaka mwezi wa kumi na moja, nikamwandikia kwamba nimechoka, tuachane. Hapo ndipo alipojibu, neno moja: "Sawa."

Sasa albamu yake imetoka. Nyimbo nane, gitaa na sauti yake tu. Huku kwetu na Ruangwa watu wanarushiana kwenye simu, na wimbo wa nne ndio unaowaliza. Kabla hajaanza kuimba anasema, "Huu niliutunga na kuurekodi wiki aliyoniacha." Halafu anajilaumu: mpenzi wake alipiga simu, yeye akaiacha ilie, mpaka binti akachoka akaenda zake. Hajitetei hata kidogo. Mara ya kwanza nililia sana. Nikasema kumbe mwenzangu naye alikuwa anaumia.

Binamu yangu Somoe hajui kwamba binti huyo ni mimi. Juzi tulikuwa uani tunabangua korosho, simu yake inaimba wimbo huo huo.

"Mwanaume anajishusha hivi halafu mtu anamwacha!" akasema. "Huyo demu ningemjua ningempaka mafuta ya ganda la korosho usoni yamchubue."

"Labda alichoka," nikasema.

"Achoke nini? Kupiga simu nako ni kulima?"

Baba akapita na baiskeli yake, akasimama kusikiliza. "Huyu kijana analilia wapi? Sauti inavuma kama ghala langu kabla ya msimu." Akacheka, akaingia ndani.

Mikono yangu ikasimama: mvumo ule ndio niliousikia siku zile nikiwa barabarani. Wiki niliyomwacha Saidi, ghala lilikuwa limejaa magunia mpaka mlangoni. Likijaa vile, hata ukipiga kelele sauti inamezwa. Kwa hiyo wimbo ule aliurekodi mwezi wa nane, mimi nikiwa nje namlinda, na siku hizo simu zangu alikuwa anapokea zote.

Yaani aliungama kosa kabla hajalifanya.

Jana amenipigia mwenyewe. Ana onyesho Ruangwa mjini Jumamosi ijayo. Anataka nikae mbele, aniite jukwaani, aniombe msamaha watu wakiona, kisha alete washenga kwa baba. Nikamuuliza wimbo wa nne aliurekodi lini.

"Si nimesema mle mle? Uliponiacha."

"Wapi?"

"Mama, mimi nakupa moyo wangu, wewe unasikiliza mwangwi."

"Ghala lilikuwa limejaa, Saidi."

"Basi nilihisi mapema kwamba utaniacha. Sisi watunzi tunahisi."

Lakini mwezi wa nane mimi mwenyewe nilikuwa sijawaza kumwacha. Usiku huu wote nimewaza mawili. Ama kulikuwa na msichana mwingine kabla yangu, akamfanyia hivyo hivyo, na mimi navalishwa machozi yake. Ama wimbo ulitangulia, na mimi nikaachwa nipige simu hadi nichoke ili uje kuwa wa kweli. Na kuna la tatu ambalo moyo wangu unalitaka: kwamba aliogopa kweli, na woga ndio uliomfanya asipokee.

Somoe nikimweleza atajua binti yule ni mimi. Baba nikimweleza ataulizia ufunguo. Ndiyo maana nimekuja kwenu msionifahamu. Nimejaribu kufunga macho nisikilize maneno peke yake, na maneno ni mazuri, bado yananiliza. Ila kila nikibonyeza, ghala tupu ndilo linaloanza kusikika.

Jumamosi si mbali. Ninyi mliowahi kuombwa msamaha mtamu kuliko kosa lenyewe, nishaurini: niende nikakae pale mbele, au nibaki nyumbani?