Mchezo Alioutunga Kaka Yangu

Wale watu niliwaona mara ya kwanza kwenye simu ya kaka yangu, dukani kwa baba, Tabata. Ilikuwa baada ya alasiri, wateja wamepungua, na kaka alikuwa ameiegemeza simu kwenye kopo la iliki. Wazungu kadhaa walikuwa wamekaa mezani wanaongea na kucheka, kisha mmoja akarusha dadu na wote wakanyamaza. Nikamuuliza kama ile ni kamari.

"Hapana, hadithi hiyo," alisema. "Yule wa mwisho ndiye msimulizi, anaeleza mahali na yanayotokea. Hao wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, anasema mtu wake anafanya nini. Dadu ndiyo inaamua kama amefanikiwa."

"Na watu wanakaa kuangalia hivyo tu?"

"Dunia nzima. Mie mwenyewe siku hizi siangalii kitu kingine."

Sie ni watu wa duka. Babu yake baba alikuja kutoka Yemen akiuza nguo na viungo, na tangu hapo hakuna mwanaume kwenye ukoo wetu aliyefanya kazi nyingine. Kaka alikuwa mtoto wa kiume pekee. Alisoma chuo, akarudi, baba akaanza kuumwa miguu, na kaka akaingia nyuma ya kaunta bila mtu yeyote kumwambia aingie. Hakuwahi kulalamika. Lakini nilikuwa namwona anavyoongea na wateja, anavyowauliza habari za watoto na mashemeji, anavyokumbuka kila kitu walichomwambia mwezi uliopita. Nilihisi kuna kitu ndani yake ambacho kupima sukari hakukitoshi.

Kitabu cha sheria za ule mchezo alikipata mtandaoni, akatafuta watu. Alimpata mwalimu mmoja wa kike anayefundisha shule ya binafsi Segerea, na fundi simu mmoja anayeishi Kibamba ambaye alikuwa na kamera nzuri. Wote wawili walikuwa wanakifuata kile kipindi cha Wazungu. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba hapa mjini hakuna aliyekuwa anaucheza ule mchezo bila kupitia kile kipindi. Hawakuupenda mchezo kwanza. Waliwapenda wale watu mezani, wakataka kukaa mezani kama wao, na mchezo ule ndio uliokuwa juu ya meza. Mie nilikuwa wa nne kwa sababu nyumba ni yetu, na mtu wa kupika chai alikuwa mie.

Tulicheza Jumamosi, sebuleni kwa mama, na fundi akaanza kuturusha laivu. Watazamaji walikuja. Hawakuwa wengi sana, lakini kila wiki waliongezeka. Ukiandika jina la mchezo ule mtandaoni, ulikuwa unaletewa kipindi cha Wazungu kwanza, na chini kabisa unaletewa sisi, watu wa Tabata, na mashujaa wetu wenye mapanga wanaozunguka kwenye theluji ambayo hatujawahi kuiona.

Kaka hakuridhika. Nyumba ya shangazi yetu kule Kibamba ilikuwa imewekwa alama nyekundu ya X kupisha upanuzi wa barabara, ikabomolewa. Halafu kaka akaanza kuandika. Alitunga mchezo wake, wa Kiswahili, wa watu wa mtaa mmoja ambao nyumba zao zimewekwa X. Tingatinga litakuja, hakuna wa kulizuia. Kila mchezaji ni mkazi mmoja, na ana jambo moja analotaka kulimaliza kabla halijafika. Hakutumia dadu, maana zile za pande nyingi za mchezo wa Wazungu, tulizokuwa tunazirushia kwenye simu, hazipatikani Kariakoo. Alitumia karata za kawaida, na jokari ndilo tingatinga.

Tuliucheza kwanza bila kamera. Mwalimu alikuwa bibi mmoja mjane anayetaka kumwozesha mjukuu wake kwenye ua uleule alikoolewa yeye. Fundi alikuwa mume aliyemkosea mkewe, anataka mkewe arudi nyumbani angalau mara moja nyumba ikiwa bado imesimama. Harusi ilifanyika. Mke alikuja, akasimama mlangoni. Fundi alipovuta karata, likatoka jokari. Kaka, kwa sauti yake ya kawaida kabisa ya dukani, akaeleza vumbi linavyoingia kwenye sahani za pilau. Mwalimu alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Mama, aliyekuwa anapita kwenda jikoni, alisimama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kaka, "Huyo mke alikaa au aliondoka?"

"Haijulikani, mama."

"Alikaa," mama alisema, akaenda zake.

Siku hiyo niliamini kaka amepata kitu chake.

Tukaurusha. Watazamaji walishuka tangu Jumamosi ya kwanza. Komenti zilikuwa za upole, na nadhani upole huo ndio uliomuumiza. *Mbona siku hizi hamchezi ile? Hii nani anaicheza? Tutaipata wapi?* Hakukuwa na pa kuipata. Kaka alikwenda kwa wachapaji, wakamwambia bidhaa isiyojulikana hawaichapi kidogokidogo. Na haikuweza kujulikana kwa sababu hakuna kipindi kilichokuwa kinaicheza isipokuwa chetu, na chetu kilikuwa kinakimbiwa kwa sababu kinaicheza. Jumamosi moja fundi alisema kwa unyonge, "Braza, ishu siyo gemu yako. Ishu ni kwamba watu wanatafuta jina, na jina lako halijulikani."

Kulikuwa na vijana wengine mjini wenye kipindi kikubwa kuliko chetu, wana taa na studio yao. Kaka alijikaza akawaandikia. Wakamwita. Nilimsindikiza. Walitupokea vizuri, wakatupa soda, na kijana aliyekuwa kiongozi wao akausoma mchezo pale pale huku anatikisa kichwa kwa kuupenda.

"Tuicheze siku moja," alisema. "Kama kitu cha pembeni. Tukiona watu wameipokea, tutaendelea nayo."

Waliucheza kwa vichekesho. Tingatinga likapewa sauti ya dereva mlevi, bibi mjane akawa mchawi. Kaka aliwaangalia kwenye simu akiwa nyuma ya kaunta, bila kucheka, lakini pia bila kukasirika. Na kile kipindi kikapendwa. Vipande vyake vilizunguka kwenye simu za watu, hata wateja wetu waliokuja kununua mchele walikuwa navyo, hawajui aliyeutunga mchezo ndiye anayewapimia. Watu wakaanza kuuliza mchezo unauzwa wapi. Mchapaji aliyemkataa akapiga simu mwenyewe. Baba, ambaye hakuwahi kuuelewa mchezo, alimwambia, "Kama watu wanautaka, uwekee rafu hapo mbele." Kaka akachapisha vitabu vidogo vyenye jalada jeusi na X nyekundu, akavipanga juu ya majani ya chai.

Kwa kipindi kifupi duka lilikuwa na wageni wa aina nyingine. Walikuja wanafunzi wa chuo, akaja dada mmoja mwenye miwani aliyetaka kupiga picha na kaka. Nilimsikia kaka akimweleza yule dada jinsi ya kumchezesha mtu mwenye haya mezani, na alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake.

Kisha wale Wazungu wakatangaza kwamba wameacha mchezo wa zamani. Sasa walikuwa na mchezo wao wenyewe, waliutunga wao, wanauchapa wao, na kuanzia msimu ujao ndio watakaoucheza. Sikujua kama jambo la hao watu wa mbali linaweza kutufikia Tabata haraka hivyo. Vijana wa studio waliuhamia ndani ya wiki hiyo hiyo. Kaka aliwapigia kuuliza kuhusu ile ahadi ya kuendelea, na kiongozi wao hakumficha.

"Kaka yangu, sie tunafuata upepo," alimwambia. "Watu wote wako kule sasa. Nikikaa na gemu yako nakuwa peke yangu. Na wewe pia."

Kaka alimshukuru. Nilikuwa karibu, nikasikia anavyomshukuru.

Hata mwalimu wetu wa Segerea aliuonja mchezo mpya. Alikuja kumwambia kaka mwenyewe, kwa adabu, kwamba amepata kundi lingine la kucheza nalo, la karibu na kwake. Alisema mchezo wa kaka ulimfanya alie, na kwamba hataki kulia kila Jumamosi. Kaka alisema anaelewa. Fundi hakuaga, aliacha tu kuja, na kamera aliiuza. Mie nilibaki, lakini watu wawili hawatoshi kuwa mtaa. Tulijaribu mara moja. Kaka alieleza nyumba, nikavuta karata, tukatazamana, akakusanya karata akazirudisha kwenye pakiti.

Vitabu vilibaki kwenye rafu mpaka jua la mlangoni likaanza kuyapausha majalada. Asubuhi moja nilimkuta baba amekishika kimoja, anaipima karatasi kwa vidole.

"Mwanangu," alimwambia kaka, "magazeti ya kufungia bizari yamekwisha. Na hivi vimekaa."

"Tumia, baba."

"Una uhakika?"

"Tumia."

Baba alisita. Kaka ndiye aliyechukua mkasi. Alikata ukurasa baada ya ukurasa, akazikunja kurasa kuwa vibomba vya kufungia viungo, vizuri kama alivyofundishwa utotoni, na wanawake wa mtaa wetu wakaenda nyumbani na bizari na pilipili manga iliyofungwa kwenye maneno yake. Hakuna aliyeyasoma. Mmoja tu alirudi kulalamika kwamba wino unachuja.

Mwaka uliofuata kaka alikwenda Muscat, kwa jamaa wa mama wenye duka la nguo. Baba aliajiri mtu. Siku ya kuondoka kaka aliniambia nimwangalie mama, nimkumbushe dawa za presha, basi. Nilitaka kumwambia kitu kuhusu mchezo, kwamba ulikuwa mzuri, kwamba mie nilikuwepo na niliona. Lakini teksi ilikuwa inapiga honi na mama alikuwa analia, na nilihofu yakitamkwa yatasikika kama pole ya msibani.

Kile kipindi cha Wazungu bado kipo. Nilikiangalia juzi wakati naosha vyombo. Wamekuja na mchezo mwingine tena, na vijana wa hapa wanaomba kwenye komenti wauziwe. Yale masanduku ya mchezo waliotangaza wakati ule nimeyaona Kariakoo yamepunguzwa bei, yamerundikwa chini pamoja na chaja na kava za simu.

Kaka hupiga simu Ijumaa baada ya swala. Tunaongea habari za joto la huko, miguu ya baba, na yule mtu wa dukani anayepunja. Safari moja nilimuuliza kama huko kuna watu wanaocheza.

"Sijui," alisema. "Sijauliza."

Kisha akaomba nimpe simu mama.