Vikombe Saba vya Mchele Uliovunjika

Niliitunga mila. Nasema mapema asije mtu akadhani nilipotoshwa. Nilikaa kwenye kochi langu hapa Grand Prairie, Texas, kikombe cha chai mkononi, nikamtungia mwanangu wa kumzaa mila nzima ya watu wa Tanga, naye akainasa kwenye kaseti.

Alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja kidogo, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka kwetu. Ni chuo cha aina ile ambayo mwanafunzi husoma falsafa asubuhi na kufinyanga vyungu mchana, na mzazi wa kidato cha nne kama mimi, akiulizwa binti yake anasomea nini, hubaki kukohoa. Ili ahitimu kwa daraja la heshima alitakiwa kutoa kazi mbili zinazoshikana: tasnifu, na maonyesho ya sanaa. Alichagua mafunzo ambayo somo, yaani kungwi, humpa bibi arusi kabla ya harusi. Mtaalamu wake wa kumhoji alikuwa mimi.

Kwetu mambo ya somo hayasemwi mbele ya msichana ambaye hajaolewa. Ningemwambia hivyo tu, tukaishia hapo. Lakini lilikuwapo jambo la pili, na ndilo lililonibana: mimi mwenyewe sikufundwa. Niliondoka Tanga nina miaka kumi na tisa, nikaozwa huku Texas Jumanne mchana, baba yake mwanangu akiwa bado na sare ya ghala, imamu akiharakishwa kwa sababu bwana harusi ana zamu. Hapakuwa na somo wala kusingwa mwili kwa liwa. Miaka yote nilimwacha binti yangu aamini kwamba nayajua ila nayafunika. Inapendeza, kuonekana una kitu ulichokifunika.

Basi nikasema: bibi arusi huamshwa asubuhi saba, akapewa ungo wa mchele. Kila punje iliyovunjika huitia kikombeni. Siku ya saba somo hukizika kikombe kizingitini. Maneno yalinijia kwa wepesi wa kutia aibu. Hata wimbo niliuweka. Mwanangu akanieleza, kwa Kiingereza chake, kwamba punje zile ni yote ambayo mwanamke hufundishwa kuyameza. Nikasema ndiyo, ndivyo hasa.

Siku ya maonyesho alinipeleka jirani yangu wa mlango wa pili, mwanamke wa Mombasa anayehudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Mimi si mtu wa kutoka, na hizo barabara kuu sizi-drive. Njia nzima alinitania kwamba nimejipamba kama ninayekwenda kuposa.

Vikombe saba vilikuwa juu ya meza nyeupe, kimoja kwa kila asubuhi, kila kimoja na taa yake. Mchele ulinunuliwa duka la Wavietnamu, ambako huuzwa mfuko mzima ukiwa umeshavunjika. Kwenye spika nilikuwa mimi, nikieleza uongo wangu kwa utulivu wa mwalimu wa chuoni.

Profesa wake, bibi mpole mwenye shanga kubwa, alifurahi kumpata mwanamke mwingine wa pwani. Akamwomba mwanangu amuulize kama na Mombasa walifanya hivi. Sasa, jirani yangu mama yake alikuwa somo. Alifunda nusu ya mtaa. Akavitazama vikombe, akanitazama mimi. Nadhani alinipa nafasi. Sikuitumia.

"Mwanangu, hili sijapata kulisikia," akasema. "Mchele tulichagua kila siku, lakini ni kwa sababu ulikuwa na mawe."

Binti yangu, ambaye hunijibu Kiingereza hata nikimuuliza kama amekula, akaniuliza kwa Kiswahili, polepole: "Mama, wewe ulifundwa?"

Nikasema tutazungumza nyumbani. Lilikuwa jibu tosha.

Jumatatu alikwenda mwenyewe kwa profesa akamwambia. Hawakumfukuza, walimtaka aandike upya, na zilibaki wiki tatu. Hakuandika. Alihitimu kama wengine, bila ile heshima, na nafasi ya shahada ya pili aliyokuwa akiiomba kwa tasnifu hiyo hiyo akaacha kuiomba. Akahamia Houston, akapata kazi ya ofisi. Simu zetu ni za hali ya hewa: kwao kuna unyevu, kwetu kuna upepo. Nikianza kusimulia jambo lolote la Tanga, hata la kweli, hunikatiza kwa adabu na kusema ana kazi.

Siku moja nilimlalamikia jirani, nikisema watoto wa huku hawajui kusamehe. Alikuwa akipiga pasi sare yake. Hakuinua macho.

"Shoga, ungemwambia hukufundwa, angeandika hilo hilo, na kazi yake ingesimama. Ulichokitaka wewe ni sifa. Sasa nipishe, nina zamu saa nane."