Benchi la Nasambu na Kidirisha cha Haraka

Katika saiba ya Nasambu, kiduka cha kuchapa barua kwa kompyuta mjini Kitale, kuna benchi la mbao ambalo zamani halikuwahi kupoa. Mtu akija kuchapiwa barua alikaa hapo, akaulizwa ya nyumbani, akajibu, akauliza naye. Kabla barua haijatoka, Nasambu alishajua ng'ombe gani amezaa na nani hasalimiani na nani kanisani. Siku hizo walikuwa wawili. Chelangat, msichana ambaye Nasambu alimwajiri akageuka kuwa rafiki, alichapa huku Nasambu akizungumza na wateja, kisha wakabadilishana. Walikuwa chanda na pete.

Kisha Chelangat akapata kazi ya ofisi Bungoma. Na barua ya kuomba kazi hiyo ilichapwa na nani? Na Nasambu mwenyewe, akaisoma na kuirudia asije akaacha kosa. Ndivyo alivyo huyo mama: atakusaidia kufunga mizigo ya safari ambayo yeye hataki uende.

Siku ya mwisho, Chelangat alimwekea kitu kwenye kompyuta.

"Anti, sasa utakuwa peke yako, hii itakusaidia. Wacha hiyo mausi. Finya Alt na hii ndefu ya nafasi."

Kidirisha chembamba kikatokea katikati ya kioo.

"Andika herufi mbili tatu za kitu unataka, halafu Enta. Si umeona? Na inajifunza, Anti. Ile kitu unafungua sana, ndiyo itakuletea kwanza."

Mwanzoni Nasambu alikibeza. Lakini kazi ya watu wawili ikifanywa na mmoja, kiburi hakikai. Vidole vikazoea. Barua, fomu, vyeti, programu za mazishi, zile karatasi zenye picha na wasifu wa marehemu, vyote vikawa vinaruka mbele yake kwa herufi mbili, na kazi iliyokuwa ikila asubuhi nzima ikawa inaisha chai haijapoa. Watu walimsifu sana. Walilipa, wakashukuru, wakaenda zao. Hakuna aliyekaa hadi benchi lipate joto.

Akajikuta siku inaisha hajasema lolote ila "karibu" na "asante". Hakuwa na mume wala mtoto, na ndugu zake wa Matulo walikuwa na mambo yao. Tusifiche: Nasambu alikuwa mpweke, na upweke wake ulikuwa ukimuuma mchana kweupe, watu wakiingia na kutoka. Kila akiandika herufi C, kitu cha kwanza kuletwa na kidirisha kilikuwa ile barua ya Chelangat. Kilikuja kwanza kwa sababu aliifungua kila jioni, akaitazama, akaifunga. Kupiga simu aliona ni kumsumbua mtu mwenye kazi.

Alhamisi moja akaingia mzee wa Naitiri, Nyongesa, ambaye mkewe alikuwa amelala mochari hapo Kitale. Alikuja kutengenezewa programu ya mazishi. Alikuwa na picha ya mkewe, akataja jina, Lenah, na tarehe, na majina ya watoto. Nasambu alimpa pole, akageukia kibodi. Alt na nafasi, *ma*, Enta. Kidirisha kikaleta programu ya mazishi iliyofunguliwa sana wiki hiyo, ya marehemu Lorraine wa Moi's Bridge, mwalimu wa kwaya. Akabadilisha jina, akabadilisha tarehe, akaweka picha. Wasifu alikusudia kuuandika upya, lakini mazoea yana taabu: vidole vilitangulia, na karatasi ikatoka.

Mzee Nyongesa alikuwa ndio kwanza anakaa. Akaisoma polepole, karatasi akiishika mbali na macho.

"Mama," akasema, "hii imesema ati Lenah alikuwa na sauti tamu, ati alisimamia kwaya."

Nasambu akainama kuitazama karatasi.

"Lenah hakuimba kwaya. Sauti yake ilikuwa mbaya sana, bana. Hata yeye alikuwa anajua."

"Mzee, nisamehe. Nimekosea, hiyo ilikuwa ya mtu mwingine. Narekebisha sasa hivi."

"Si kukosea." Mzee akaiweka karatasi magotini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilimuumiza Nasambu zaidi. "Mimi na huyu mama tumekaa tangu ujana. Wewe umemmaliza kabla sijapumzika."

Nasambu akaondoa mikono kwenye kibodi. Akavuta kiti chake, akakiweka karibu na benchi.

"Basi niambie, mzee. Lenah alipenda nini?"

Nyongesa akaikunja ile karatasi. Kisha akaanza. Lenah alikuwa akijibizana na redio kana kwamba mtangazaji yuko jikoni. Mahindi ya kuchoma aliyala kuanzia nchani. Na akikamua ng'ombe alikuwa akiimba, kwa sauti yake hiyo hiyo mbaya.

"Hao ng'ombe ndio walikuwa wanaipenda. Sasa tangu aende, hawataki mimi niwashike." Akajifuta macho kwa ukingo wa koti. "Hata nimejaribu kuimba."

Nasambu alicheka, kisha akalia, na mzee akafanya vivyo hivyo. Aliandika yote, ng'ombe na redio na mahindi, neno kwa neno, taratibu. Wateja wengine walichungulia, wakaona hakuna dalili ya kuisha, wakaenda kwingine.

Mzee alipoondoka na programu zake, benchi lilikuwa na joto. Nasambu akaweka kiganja hapo. Akajiuliza, siku yake ikifika, nani ataulizwa Nasambu alipenda nini, na huyo mtu atajibu nini. Wale ndugu wa Matulo wangetaja jina na tarehe tu. Akarudi kwenye kompyuta, akaandika C, barua ikaja. Safari hii hakuifungua. Akachukua simu.

"Anti! Kuna shida? Niko kazini, sema tu haraka."

"Hakuna shida. Chelangat, mimi napenda nini?"

"Ati?"

"Mimi. Vitu napenda. Unakumbuka?"

Chelangat akacheka. "Si unapenda chai imekolea mpaka kijiko kinasimama! Na mtu akisema anaenda, wewe unamwambia kaa kidogo. Na mvua ikinyesha kwa mabati unazima kompyuta, ati stima itapotea, kumbe unataka tu kusikiliza. Kwa nini unauliza?"

Nasambu akalitazama benchi.

"Nilitaka tu kujua kama kuna mtu anajua."

Upande wa Bungoma, Nasambu akasikia mlango ukifungwa, na kiti kikivutwa.

"Haya, Anti," Chelangat akasema. "Nimekaa. Niambie."